Shahidi wa Pili Yuko Wapi?

Wako wasemao, "Ramani ya joto la bahari imepatana na vipimo vya merikebu, basi ni kweli." Ikiwa ilichorwa kwa vipimo vivyo hivyo, shahidi amejishuhudia mwenyewe! Tazameni mwaka 1945: vipimo vilionyesha kwamba bahari za dunia zimepoa ghafula kadiri ya digrii 0.3 za Sentigredi. Je, zilipoa? Hasha! Wakati wa vita vipimo vingi vilitoka merikebu za Marekani, zilizopima maji yaingiayo mitamboni, penye joto. Kisha zikaongezeka za Uingereza, zilizoteka maji kwa ndoo, yakapoa upeponi. Mwaka 2008 wataalamu walilifunua kosa hilo, kwa kuwa nchi kavu haikuonyesha baridi hiyo. Basi, msomaji, usiisadiki ramani kabla hujauliza: maji yalipimwaje, na shahidi wa pili yuko wapi?