Abiria wa Mara ya Kwanza Ana Haki ya Kuelezwa

Mtu apandaye ndege ndogo kwa mara ya kwanza hukabidhi maisha yake kwa mwenzake kwa namna ambayo hajaizoea. Katika basi, abiria akiona dereva anakwenda ovyo, aweza kupiga kelele na kutaka kushushwa. Angani hakuna kituo. Kwa sababu hiyo, ni maoni yangu kwamba rubani wa ridhaa, yaani yule arukaye kwa kujifurahisha na si kwa malipo, hana haki ya kumpandisha mgeni kabla ya kumweleza mambo ya msingi. Na kwamba maelezo hayo ni sehemu ya usalama wenyewe, wala si adabu tu.

Historia yenyewe yatufundisha hivyo. Tarehe 14 Mei 1908, huko Kill Devil Hills katika Marekani, Wilbur Wright alimchukua fundi Charles Furnas katika safari iliyodumu chini ya nusu dakika. Huyo ndiye abiria wa kwanza wa eropleni ya ndugu wawili wale. Miezi minne baadaye, tarehe 17 Septemba, Orville Wright aliruka na Luteni Thomas Selfridge huko Fort Myer. Rafadha ilivunjika, ndege ikaanguka, na Selfridge akafariki. Basi mtu wa kwanza kufa katika ajali ya eropleni yenye injini alikuwa abiria, wala si rubani.

Kwetu Afrika ya Mashariki pia tunao mfano. Tarehe 14 Mei 1931, ndege ndogo ya Denys Finch Hatton ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Voi. Rubani huyo amejengewa mnara wa ukumbusho katika vilima vya Ngong. Pamoja naye alikufa mtumishi wake, ambaye vitabu kwa kawaida humtaja kwa jina moja tu, Kamau. Siyataji haya ili kumlaumu marehemu, bali kukumbusha kwamba kiti cha pili nacho hukaliwa na mtu kamili.

Wako wasemao kwamba kumweleza mgeni mambo mengi ni kumtia hofu bure. Afadhali aburudike na kutazama nyumba zilivyo ndogo huko chini. Mimi siafiki. Hofu kubwa hutokana na jambo lisilojulikana. Mtu asiyeambiwa kitu, injini inapopunguzwa mvumo ili kutua, hudhani imezimika. Ndege inapotikisika, hudhani inavunjika. Naye aliyeambiwa mapema kwamba jua huchoma ardhi kwa viwango mbalimbali, mwamba ukapata joto kuliko msitu, na hewa yenye joto ikapanda na kuisukuma ndege, hutikisika vilevile lakini anajua sababu. Tena hufahamu kwa nini rubani mwenye busara humwalika mgeni asubuhi na mapema, hewa ingali tulivu.

Kadhalika na mwili wake. Masikio huziba kwa kuwa kanieneo ya hewa ya nje hubadilika upesi kuliko ile iliyo ndani ya sikio. Kumeza mate au kupiga miayo husawazisha. Kichefuchefu huja pale sikio la ndani linapoliarifu bongo kwamba mwili unasogea, hali macho yaliyoinamia kitabu yakikana. Dawa ya kwanza ni kutazama upeo wa macho. Ndege ikikata kona kwa kulala digrii 30, abiria wa kilo 60 hujiona kana kwamba ana kilo 69. Akijua kwamba hiyo ni hesabu tu, hatamshika rubani mkono.

Lakini jambo zito kuliko yote ni uzito wenyewe, nalo halifai kufichwa kwa kuoneana haya. Cessna 172, iliyoanza kuruka mwaka 1955, ina viti vinne. Hata hivyo, aghalabu haimudu kubeba kwa usalama watu wazima wanne, mizigo yao na matangi yaliyojaa, vyote kwa pamoja. Lita 150 za petroli ya ndege peke yake zina kilo 108 hivi. Sasa tuongeze mahali penyewe. Katika hali ya wastani, meta moja ya ujazo wa hewa ina kilo 1.225 kwenye usawa wa bahari. Katika kimo cha uwanja wa Wilson, Nairobi, kiasi cha meta 1,690, inabaki kilo 1.04 hivi, pungufu ya asilimia 15. Na mchana wa joto huzidi kupungua. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayobeba mabawa, ndiyo inayosukumwa na rafadha, na ndiyo inayovutwa na injini. Kwa hiyo ndege iliyoruka kwa wepesi Mombasa yaweza kuhitaji njia ndefu zaidi Nairobi, ingawa abiria ni wale wale. Rubani anayemwuliza mgeni uzito wake hamvunjii heshima, anamhifadhi.

Na swali ambalo kila mgeni hulificha moyoni, yafaa lijibiwe kabla hajaliuliza: injini ikizimika je? Ndege haianguki kama jiwe. Aina niliyoitaja, ikiwa meta 1,000 juu ya ardhi na hewa imetulia, yaweza kuteleza umbali wa kilometa 9 hivi, rubani akitafuta mahali pa kutua. Mgeni aonyeshwe pia jinsi ya kufungua mkanda na mlango, na aombwe kusema mara moja akiona ndege nyingine. Hapo huacha kuwa mzigo, akawa msaidizi.

Katika nchi nyingi sheria humkataza rubani kubeba abiria iwapo hajaruka na kutua angalau mara 3 katika siku 90 zilizopita. Sheria hiyo ni njema, lakini hupima mikono tu. Moyo hupimwa pale rafiki amekwisha kuvaa vizuri, jamaa wamekuja kutazama, na wingu linajikusanya. Kusema “leo haturuki” mbele ya watu wale ni kazi ngumu kuliko kutua penye upepo wa ubavuni. Vivyo hivyo, abiria asemaye “leo sipandi” asichekwe.

Walimu wenzangu, somo hili halihitaji ndege. Wapeni wanafunzi uzito wa watu wanne, lita za mafuta, kimo cha uwanja na joto la mchana, kisha waulizeni: je, turuke? Anayejibu kwa hesabu, na akathubutu kusema hapana pale hesabu inapokataa, amejifunza sayansi. Huenda siku moja yeye ndiye atakayekaa katika kiti cha pili, au katika kile cha kwanza.