Nani Atamchagua Mgombea?

Ndugu wananchi wa Kinsevere, ninyi mtokao mgodini jioni mkibishana UDPS itamsimamisha nani mwaka 2028, ngojeni kidogo. Ni nani atakayemchagua mtu huyo?

Kumbukeni PPRD ya Bwana Joseph Kabila. Muhula wake ulikwisha Desemba 2016, lakini wanachama wakaachwa wabahatishe majina hata tarehe 8 Agosti 2018, siku ya mwisho ya kuandikisha wagombea. Ndipo wakaambiwa: ni Bwana Emmanuel Ramazani Shadary! Tawi gani liliulizwa? Hesabu ya serikali yenyewe ilimweka wa tatu, hakufika asilimia 24. (Bwana Moïse Katumbi, mpinzani, alikuwa amezuiwa siku chache kabla hapo karibu yetu, mpakani Kasumbalesa.)

Na UDPS je? Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2006 chatoa mihula miwili tu, na wa pili wa Bwana Tshisekedi ulianza Januari 2024. Oktoba mwaka uo huo, huko Kisangani, alihubiri habari za katiba mpya. Habari za mrithi hakuna!

Wenye kadi, daini kura ya wanachama, tawi kwa tawi, tena mapema, Kinsevere kama Kinshasa.