Sanamu Inaweza Kusimamishwa Tena. Kijana Je?

Jumapili ya kwanza baada ya Juni 25, 2024, nilikaa benchi la nyuma kanisani nikingoja litajwe jina la barobaro mmoja wa mtaa wetu. Halikutajwa. Kwa karibu saa nzima tulihubiriwa kuhusu mali: Bunge lililochomwa, vioo vya maduka ya katikati ya jiji, na watoto wa siku hizi wasiotii mamlaka. Niliondoka kabla ya sadaka. Sitataja kanisa lenyewe, maana huenda hata wewe uliketi kwenye benchi kama hilo, mtaa mwingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta mhubiri aliyewahi kusimama mbele ya mji uliotoka kuzua rabsha kwa sababu ya ushuru. Nilimpata. Shida ni kwamba alifariki mwaka 407.

Anaitwa Yohane Krisostomo, yaani Yohane Kinywa cha Dhahabu. Kabla hujafunga ukurasa huu ukidhani nimeokoka upya, hebu nikupeleke Antiokia. Ni ule mji ambao Matendo ya Mitume yanasema wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Siku hizi ni Antakya, kusini mwa Uturuki. Mapema mwaka 387 barua ilifika kutoka kwa Kaisari Theodosius. Alitaka kodi mpya. Ilisomwa mbele ya wakubwa wa mji, wakaanza kulia kwamba hawataiweza, habari ikatoka nje, na huko nje kulikuwa na watu ambao tayari maisha yalikuwa yamewabana. Mawe yakaanza kurushwa kwenye picha za Kaisari na jamaa yake. Kisha sanamu zao za shaba zikaangushwa na kuburutwa barabarani. Kufikia mchana askari walikuwa wameshatuliza kila kitu.

Kodi, barua ya serikali, mawe, askari. Si hii stori unaijua?

Enzi hizo kuangusha sanamu ya Kaisari hakukuwa kuharibu mali tu. Ilikuwa kama umemgusa mwenyewe. Watu wakakamatwa. Krisostomo anasimulia kwamba wengine waliuawa kwa upanga, wengine kwa moto, wengine wakatupiwa wanyama wakali, watoto wakiwemo. Bafu za umma zikafungwa, kumbi za maigizo na uwanja wa mbio za farasi pia. Wengi wakatoroka mji. Uvumi ukawa kwamba wote waliobaki wataangamizwa.

Askofu wao, Flaviano, alikuwa mzee, na dada yake alikuwa mgonjwa mahututi. Akamwacha, akafunga safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwenda Konstantinopoli kumsihi Kaisari. Aliyebaki na watu alikuwa padri wa mwaka mmoja tu, jamaa aliyekuwa amesomea ufasaha wa kuhutubu chini ya mwalimu maarufu Libanius, akaachana na mambo ya mahakamani, akaenda kuishi pangoni milimani, na kurudi mjini tumbo likiwa limeharibika kwa kufunga. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, si kwa sababu ya utakatifu. Lakini mtu aliyevuruga mipango ambayo wengine walikuwa wamempangia huwa namsikiliza mara mbili.) Alinyamaza siku saba. Halafu akaanza kuhubiri, na akahubiri Kwaresima nzima. Mahubiri hayo bado yapo, ishirini na moja kwa hesabu ya kawaida, na yanaitwa Mahubiri ya Sanamu.

Sasa nisikudanganye. Ukiyasoma ukitarajia mwanaharakati, utavunjika moyo. Hawasifu waliorusha mawe. Anasema ni wageni na wahuni wachache walioponza mji mzima, maneno ambayo nasi tumeyasikia kwenye runinga mpaka yakatuchosha. Halafu kila siku anarudia kuwakataza watu kuapaapa ovyo. Mji unangoja kuchinjwa, yeye bado yuko kwa viapo! Mara ya kwanza niliona ni mchezo. Nilipoendelea kusoma nikaona kwamba huyu mtu alikuwa pale. Aliwafokea, sawa, lakini aliwafokea akiwa kwenye hatari ileile, na siku mbaya zaidi aliwafariji kwanza. Kuna tofauti kubwa kati ya mzazi anayekugombeza akiwa amekushika mkono kwenye wodi ya majeruhi, na jirani anayekugombeza akiwa dirishani.

Na kisha kuna habari ya wamonaki. Maafisa wawili wa Kaisari walipowasili kufanya uchunguzi, wazee waliokuwa wakiishi kwenye mapango milimani walishuka mjini. Hawakuwa wameonekana huko kwa miaka. Walisimama mbele ya mahakama na kukataa kuondoka mpaka maafisa waahidi kutoua mtu kabla ya kumwuliza Kaisari tena. Mmoja wao, Makedonio, hakuwahi kusoma shule yoyote. Alilikamata joho la afisa katikati ya barabara akamwambia ashuke kwenye farasi. Alizungumza Kisiria, ikabidi maneno yake yatafsiriwe kwa Kigiriki.

Hoja yao ndiyo iliyonifanya niandike haya. Krisostomo aliibeba akaipeleka mimbarini. Kwa maneno yangu mwenyewe ni hivi: sanamu zilizoangushwa tayari zimesimamishwa tena, na hasara imekwisha. Lakini mtu ni sanamu ya Mungu. Ukimwua huyo, utamrudisha vipi? Kaisari mzima, na majeshi yake yote, hawezi kuumba hata unywele mmoja wa mtu aliyemwua.

Soma tena hiyo halafu ukumbuke Juni na Julai 2024. Bunge lilikarabatiwa. Vioo vikawekwa vingine. Mswada wa Fedha wenyewe Rais alikataa kuutia sahihi siku iliyofuata. Waliouawa katika maandamano hayo, zaidi ya 50 kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, hawakukarabatiwa. Mimi sisemi kuchoma ni sawa. Krisostomo hakusema hivyo, na mama mwenye kibanda aliyeporwa siku ile ana haki ya kulia. Ninachosema ni kwamba mhubiri anayejua bei ya dirisha lakini hajui jina la marehemu ameziweka sanamu mbili kwenye mizani na kuchagua ile ya shaba.

Flaviano alifika kwa Kaisari. Katika kumsihi, alimkumbusha habari ya Konstantino, ambaye aliambiwa sanamu yake imepigwa mawe usoni. Akajipapasa uso, akacheka, akasema haoni kidonda chochote. Theodosius akausamehe mji. Pasaka ile Antiokia ililala na taa.

Usidhani nakuuzia mtu asiye na doa. Katika miaka hiyohiyo, kwenye mji huohuo, Krisostomo alihubiri dhidi ya Wayahudi kwa maneno makali mno, akiwa na hasira na Wakristo waliokuwa wakienda kwenye sikukuu zao. Maneno hayo yalikuja kutumiwa na wenye chuki kwa karne nyingi, hadi Ujerumani ya Wanazi. Yeye aliyefundisha kwamba mtu ni sanamu ya Mungu aliwasahau majirani zake. Hilo halifunikiki, na kanisa linalomheshimu linapaswa kulisema waziwazi.

Mwaka 398 alifanywa askofu wa Konstantinopoli, na alitolewa Antiokia kwa hila kwa sababu walijua watu wasingemwachilia. Huko alipunguza matumizi ya nyumba ya askofu, pesa zikaenda kwa hospitali. Aliwahubiria matajiri waliokuwa na vyoo vya fedha, ndiyo, vyoo, huku maskini akitetemeka kwa baridi mlangoni. Fundisho lake ambalo halijazeeka ni kwamba haina maana kumvika Kristo hariri altareni kisha umpite akiwa uchi nje ya kanisa. Usishangae kwamba ikulu ilimchoka. Mwaka 403 sanamu ya fedha ya malkia Eudoxia ilisimamishwa karibu na kanisa lake, sherehe zikawa na kelele hadi ndani ya ibada, na yeye akalalamika. Ndiyo, sanamu tena. Mwaka uliofuata alipelekwa uhamishoni, na mwaka 407 akafa njiani, akitembezwa na askari kwenye jua na mvua ingawa alikuwa mgonjwa.

Leo Waorthodoksi karibu kila Jumapili husali kwa liturujia inayobeba jina lake. Si mbali, nenda Riruta hapa Nairobi utaisikia. Na Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo alipoagiza pesa ambazo Rais alikuwa ametoa kwenye parokia ya Soweto, Embakasi, zirudishwe, wasee wengi mtandaoni walishangaa ati kanisa limeanza siasa. Hapana bana. Siasa ilianza pale bahasha ilipoingia. Kurudisha pesa ni jambo la zamani kabisa, la watu waliojua kwamba anayekula mezani pa Kaisari hatamwambia ashuke kwenye farasi.

Sikukuu ya Krisostomo kwa Wakatoliki ni Septemba 13. Mimi huenda nikarudi kwenye lile benchi la nyuma siku hizo. Mama wa yule barobaro bado huketi pale, safu ya tatu kutoka mbele, na bado hakuna aliyelitaja jina la mwanawe.