Mitaro ya Bashay ipimwe mapema

Zikitajwa metali nzito, wengi hufikiria Dar es Salaam na Mto Msimbazi, ambako watafiti wamekuta risasi na kromiamu katika tope la mto na katika mboga zinazolimwa kandokando yake. Bashay, huku kwenye nyanda za Mbulu na Hanang, huonekana haihusiki. Hata hivyo, Msimbazi humwaga maji yake Bahari ya Hindi, wakati maji ya nyanda hizi hayafiki baharini. Huishia kwenye maziwa yasiyo na mkondo wa kutokea, kama Manyara, Eyasi na Balangida. Maji hupanda angani kwa jua, metali hubaki. Hiyo ndiyo sababu ya sisi kuwahi kupima mitaro kuliko watu wa pwani.

Chanzo cha metali hizo ni vitu vya kila siku. Tairi likisagika huacha zinki, breki huacha shaba, rangi iliyobambuka na betri chakavu huacha risasi. Chembe hizo hushikana na vumbi laini la barabarani, na mvua za kwanza huzisomba zote kwa mkupuo hadi mtaroni, kisha kijitoni wanakonywea ng'ombe. Tope likizolewa mtaroni humwagwa pembeni, watoto wanapochezea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na mtoto ndiye huumia zaidi, kwani risasi hudhuru ubongo unaokua.

Wapo watakaosema magari yetu ni machache, na petroli yenye risasi iliondolewa nchi za kusini mwa Sahara kufikia 2006. Ni kweli, lakini risasi haiozi. Iliyokwisha kutua ardhini ipo. Tena madhara hayangoji msongamano wa magari. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kimoja tu cha kuyeyusha betri kilitosha kudhuru mtaa mzima, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Wengine watasema udongo wa volkano una metali zake za asili. Hiyo ndiyo sababu ya kupima sasa: bila kipimo cha leo, kesho hatutajua kipi ni cha mlima na kipi ni cha gereji.

Hofu ya kuwanyima vijana wa gereji riziki nayo ni ya haki. Hakuna haja ya kufunga gereji. Halmashauri iwatengee mafundi eneo lililo mbali na vijito, lenye sakafu ya zege, mapipa ya oili chafu na mahali pa kukusanyia betri. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) ijenge mashimo ya kunasa tope kabla mtaro haujaingia kijitoni, na Bodi ya Maji Bonde la Kati ipime tope hilo kabla na baada ya masika. Gharama hizo bajeti za kawaida zinaweza kuzimudu. Kusafisha ziwa lisilo na mkondo wa kutokea hakuna bajeti itakayokumudu.