Maoni Yetu: Upemba inalindwa Kolwezi

Anayekula bukari na samaki mkavu hapa Kolwezi anakula kutoka Upemba, ajue asijue. Yule kambale mweusi wa moshi, aliyekunjwa mkia ukaingizwa mdomoni, mara nyingi ametoka kwenye maziwa ya bonde la Kamalondo. Huko mto Lualaba, ukishatoka kwenye makorongo ya Nzilo na kupita Bukama, hupunguza mwendo ukatandaa.

Maji ya huko ni ya kina kifupi: Ziwa Upemba halifiki mita nne. Visiwa vingi si vya udongo, ni mafunjo yaliyoshikamana yakaelea. Wavuvi wamejenga vibanda juu yake, na hutandika matete mapya kadiri ya chini yanavyooza. Hapo anaishi korongo domo-kiatu. Hapo pia yupo swala wa majini asiyepatikana kwingine duniani, lechwe wa Upemba, ambaye wanasayansi walimtambua kuwa spishi ya peke yake mwaka 2005. Miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa zaidi ya 20,000. Hesabu iliyofanywa kwa ndege miaka hii ya karibuni ilionyesha kwamba huenda hawafiki hata 100.

Mbuga ya Taifa ya Upemba ilianzishwa mwaka 1939. Ujangili na makundi yenye silaha vimeitesa kwa muda mrefu, na askari wa mbuga wamekufa wakiilinda. Wanastahili heshima na vifaa. Lakini bunduki ya askari haizuii maji machafu, na maji hayo yanaanzia kwetu.

Mito Luilu na Musonoi inapita kati ya migodi ya Kolwezi na kuishia Lualaba. Kila mkazi wa kando ya mito hiyo anajua rangi yake ilivyobadilika, na bustani zilizoachwa ukingoni. Nchi yetu inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inachimbwa katika jimbo hili. Kuitenga kobalti na mwamba kunatumia tindikali, na kunaacha tope ambalo lazima likae bwawani. Bwawa likivuja au ukingo ukibomoka, mto ndio unaopokea.

Tuna mfano wa jirani. Ziwa Tshangalele, lililoundwa na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, hupokea maji ya eneo la viwanda vya Likasi. Watafiti waliopima samaki wake walikuta kobalti nyingi mno, na utafiti wao ulitoka mwaka 2016. Bonde la Lufira likaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2017. Cheo ni kizuri, ila hakimtoi samaki kobalti mwilini.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne. Kabla ya hapo gavana mmoja aliuona mto tangu mgodini hadi ziwani. Leo migodi iko katika jimbo la Lualaba na wavuvi wako katika jimbo la Haut-Lomami. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na asilimia 15 inakwenda kwa miji na sekta zenye migodi. Katika mgao huo, vijiji vya wavuvi vya chini ya mto havimo. Vinapata maji tu.

Wavuvi hao huambiwa watundike nyavu zao uvuvi unapofungwa ili samaki wazaliane. Amri hiyo ni ya haki, na nyavu za matundu madogo zinaangamiza kweli. Lakini mgodi hauna msimu wa kufungwa. Hatuwezi kumdai mwenye mtumbwi nidhamu ambayo hatumdai mwenye kiwanda.

Tunataka maji ya Lualaba yapimwe kila mwezi, chini ya Nzilo na pale Bukama, na wataalamu wasiolipwa na migodi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinao wa kutosha. Matokeo yabandikwe hadharani kwa Kifaransa na Kiswahili. Magavana wa Lualaba na Haut-Lomami wasaini makubaliano ya mto mmoja, na sehemu ya mrabaha wa jimbo letu iende kuulinda. Si sadaka. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, na haikuweka mpaka wa jimbo.

Waheshimiwa wa Bunge la jimbo, kikao kijacho kabla ya kupigia kura bajeti, muulizeni gavana swali moja: vipimo vya maji ya Lualaba viko wapi? Akikosa jibu, msiipitishe.