Barua ya wazi kwa OSHA: mtungi wa moto mmeukagua, sisi je?

Ndugu Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA),

Mkaguzi wenu alipofika kwenye tawi letu alifanya kazi yake vizuri, simlaumu. Alisoma tarehe kwenye mtungi wa kuzimia moto, akafungua sanduku la huduma ya kwanza, akaomba majibu ya vipimo vya afya zetu: macho, kifua, presha. Mwishoni akauliza kama tuna la kusema. Meneja alikuwa amesimama nyuma yake. Nani angefungua mdomo?

Mimi ni afisa mikopo. Saa mbili kasoro robo asubuhi tunasimama mbele ya ubao. Kila jina lina tarakimu zake, na mwenye marejesho pungufu huandikwa kwa wino mwekundu. Hapo anajieleza mbele ya wenzake, wakiwamo vijana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Kisha tunaingia mitaani. Mama wa kikundi akipungukiwa elfu ishirini, afisa anatoa mfukoni mwake ili kesho asiaibike. Tunalipa madeni ya watu kwa mshahara wetu, halafu tunakopa nauli. Saa tano usiku kundi la WhatsApp linaita: nani bado hajafunga hesabu? Ukikaa kimya, unatajwa jina.

Mwenzetu mmoja, mjuzi hasa wa kazi hii, alianza kukaa juu ya pikipiki nje ya ofisi robo saa nzima kabla ya kuingia. Helmeti kichwani, injini imezimwa. Tukamtania kwamba anasali. Baadaye akaacha kula mchana, na simu ikiita mikono inamtetemeka. Zahanati wakampa dawa za vidonda vya tumbo. Siku hizi hayupo kazini. Kwenye barua ya kuacha kazi aliandika "sababu za kifamilia". Sote tuliisoma, hakuna aliyeamini.

Hatuombi sheria mpya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeshaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Shirika la Kazi Duniani nalo liliingiza maradhi ya akili kwenye orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi tangu 2010. Hii si deko ya watu wa ofisini, kama meneja wetu anavyopenda kusema.

Tunachoomba ni kidogo. Mkaguzi ajaye akae na wafanyakazi wawili watatu faragha, meneja akiwa nje. Aombe daftari la likizo, aone ni nani hajapumzika tangu mwaka juzi. Aulize ujumbe wa kazi hutumwa saa ngapi. Na daktari anayetupima presha atuulize pia tunalalaje.

Cheti chenu cha ukaguzi tulikipata. Kimetiwa fremu, kinaning'inia juu ya ule ubao.

Afisa mikopo,
Mwanza