Neno kwa Jamaa: Kuimba Chini ya Kilimia



Mwezi huu twataka kunena habari ya kuimba. Si kuimba kwa kanisani, maana huko twaimba sana, bali kuimba kwa zile siku sita nyingine. Tumepita katika mashamba ya Wakristo wakati wa palizi, tukakuta kimya. Jirani asiyebatizwa alima akiimba, mkewe atwanga akiimba, hata mtoto wake achungaye mbuzi ana wimbo wake; na mtu wa kwetu alima kama aliyefiwa. Tulipouliza, mzee mmoja akatujibu, "Nyimbo za shamba tuliziacha siku ya ubatizo, na hizi za kitabu ni za Jumapili." Kweli, baadhi ya nyimbo za zamani zilistahili kuachwa, maana zilikuwa za matusi, wala hatuzililii. Lakini ni nani aliyetuamuru kuiacha na furaha pamoja nazo?

Basi sikieni habari za Ntsikana mwana wa Gaba, Mxhosa wa Afrika ya Kusini, aliyefariki mwaka 1821. Mtu huyu hakujua kusoma wala kuandika. Husemwa ya kuwa alipokuwa kijana alimsikia Van der Kemp, mmisionari aliyefika kwao mwaka 1799, lakini miaka ikapita naye hakugeuka. Wafuasi wake walisimulia kwamba asubuhi moja alisimama penye zizi akitazama ng'ombe wake, kama afanyavyo kila mfugaji, akaona nuru ya ajabu ikimwangaza ubavuni dume wake mpendwa, aitwaye Hulushe. Siku ile ile akaenda ngomani, na kila alipoinuka kucheza, upepo mkali ukavuma. Akaondoka kurudi kwake, na njiani akaingia mtoni, akaosha udongo mwekundu aliojipaka mwilini. Angalieni vitu vilivyomhubiri siku ile: zizi, mwanga wa asubuhi, upepo na maji ya mto.

Tangu hapo akatunga nyimbo. Kengele hakuwa nayo. Alfajiri alisimama mlangoni pake, akaimba wimbo wa kuwaita watu, nao wakaja. Wimbo wake mkuu wamwita Mungu ngao, na ngome, na msitu wa kukimbilia, na vazi kubwa la kujifunika, ndivyo vitu ambavyo watu wake walivijua kwa macho na kwa mikono. Tena wamtaja kuwa ndiye aliyezifanya nyota na Kilimia. Waxhosa hukiita isilimela, nalo ni ndugu wa neno letu, maana yote mawili yana kulima ndani yake. Kwao Kilimia kionekanapo tena alfajiri, mwezi wa Juni, ndipo mwaka mpya wa kulima huanza kuhesabiwa, na wanaume huhesabu kwacho miaka yao tangu kutahiriwa. Nao wazee wa pwani husema, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ndicho Kilimia kile kile ambacho Mungu alimwuliza Ayubu kama aweza kukifunga. Mkulima wa Kikristo hukitazama apate kujua siku ya kupanda, kisha hunyamaza!

Pengine mtu atasema, "Twaimbaje, na mvua zimekatika?" Ntsikana hakuimba katika siku za raha. Mwaka 1818 Waxhosa walipigana wao kwa wao huko Amalinde, na mwaka 1819 ikaja vita na Waingereza. Nabii Habakuki naye alisema atamfurahia Bwana hata mtini usipochanua na zizi likiwa tupu.

Alipofariki, wafuasi wake walikuwa wachache. Wakaenda kujiunga na misheni ya Tyhume, iliyoanzishwa mwaka 1820, wakaenda na nyimbo zake vichwani. Baadaye John Knox Bokwe, Mxhosa mwenzao, aliziandika sauti zake, na kitabu chake cha habari za Ntsikana kilipigwa chapa Lovedale mwaka 1914. Wimbo ule mkuu waimbwa hata leo.

Basi, waalimu, watoeni watoto nje jioni moja ya mwezi wa Desemba, Kilimia kikiwa kimepanda upande wa mashariki, mwaimbe hapo hapo uwanjani bila kitabu. Nanyi akina mama, wimbo uwe mtwangioni. Mchi wenyewe utashika mapigo. Akina baba wenye kusema, "Sauti yangu mbaya," twawajibu kwamba jogoo naye hakuchaguliwa kuingia kwaya, wala hajapata kunyamaza kwa ajili hiyo. Na nyumba iliyotunga wimbo wake wa shamba, kwa sauti za kwao, imwombe mwalimu auandike maneno yake, apate kuufundisha shuleni kabla ya mvua za masika.